Glavu Inayosema na Kiziwi Asiyeulizwa

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini, leo nina deni. Nataka kulilipa hadharani, kwa sababu kosa lenyewe nililifanya hadharani.

Wiki kadhaa zilizopita, katika kipindi hiki hiki, nilizungumzia maendeleo ya kompyuta, nikagusia glavu za kielektroniki ambazo kiziwi akizivaa na kufanya ishara, simu ya mkononi inatamka kwa sauti kile alichokisema kwa mikono. Nilizisifu sana. Nikafika mahali nikasema kwamba siku si nyingi mabubu watasema. Mazungumzo yakaenda hewani, baadaye yakachapwa gazetini, nami nikaendelea na shughuli zangu.

Siku chache baadaye nikaitwa mapokezi. Nikamkuta mzee mmoja wa makamo, fundi cherehani, futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni, ameshika kipande cha gazeti kilichokatwa vizuri kwa mkasi. Dada wa mapokezi alikuwa amekwisha kumsemesha kwa sauti kubwa hadi watu wote wakageuka. Fundi akaomba kalamu kwa ishara. Tukakaa kwenye benchi, tukazungumza kwa karatasi karibu saa nzima.

Mstari wake wa kwanza ulisema: "Ndugu mtangazaji, mimi si bubu, ni kiziwi. Nimesoma ulichosema." Wa pili ukasema: "Hiyo glavu itakusaidia wewe unielewe mimi. Mimi nitakuelewaje wewe?"

Nilibaki na kalamu mkononi, sina la kuandika.

Akaendelea kunifundisha. Akafanya ishara moja kwa mkono, uso umetulia. Kisha akairudia ishara ile ile, mkono haukubadilika hata kidogo, lakini nyusi zikapanda na kichwa kikasogea mbele. Mimi sijui lugha ya alama, lakini nilifahamu mara moja kwamba safari hii nimeulizwa swali. Akairudia mara ya tatu huku akitikisa kichwa, nikafahamu kwamba amekanusha. Mkono mmoja, maneno matatu tofauti. Akaandika: "Glavu iko mkononi. Nyusi zangu utazivalisha nini?"

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilirudi mezani kwangu nikaanza kusoma upya habari za mashine hizi. Safari hii sikutafuta tu namna zinavyofanya kazi. Nilitafuta jambo moja: kila mashine ilipotengenezwa, nani alikuwa ameiagiza?

Tuanze nyuma kidogo, maana jambo hili ni kongwe kuliko umeme. Katika miaka ya 1760, padri mmoja wa Ufaransa, Charles-Michel de l'Épée, alifungua shule ya watoto viziwi mjini Paris. Padri huyu hakuibuni lugha ya alama, kama wengine wanavyodhani. Viziwi wa Paris walikuwa nayo tayari. Alichofanya ni kukaa nao, akajifunza ishara zao, akazitumia kufundishia. Kutokana na shule hiyo alitoka mwalimu kiziwi aliyeitwa Laurent Clerc, ambaye alivuka bahari kwenda Marekani na mwaka 1817 akashirikiana na Thomas Hopkins Gallaudet kuanzisha shule katika mji wa Hartford. Ndiyo maana hadi leo lugha ya alama ya Marekani ina undugu na ile ya Ufaransa kuliko ile ya Uingereza, ingawa Waingereza na Wamarekani wanaosikia wanazungumza Kiingereza kile kile. Lugha hizi ni nyingi, kila moja ina historia yake, na anayedhani kwamba viziwi wa dunia nzima wana lugha moja anakosea.

Sasa njoo mwaka 1880. Mwezi Septemba, walimu wa viziwi kutoka nchi kadhaa, wengi wao wa Italia na Ufaransa, walikutana mjini Milan kuamua watoto viziwi wafundishwe kwa njia gani. Wakapiga kura: 160 dhidi ya 4. Wakaamua kwamba ishara ziondolewe darasani, watoto wafundishwe kutamka kwa mdomo na kusoma midomo ya wanaosikia. Miongoni mwa wajumbe wote hao, aliyekuwa kiziwi ni mmoja tu, mwalimu wa Kimarekani aliyeitwa James Denison. Baada ya hapo walimu viziwi walipoteza kazi katika shule nyingi za Ulaya, na watoto wakaadhibiwa kwa kuongea kwa mikono. Wengine waliamriwa kuikalia mikono yao. Ilipita miaka 130 kabla mkutano wa kimataifa wa elimu ya viziwi, uliofanyika Vancouver mwaka 2010, haujayakataa rasmi maazimio yale na kueleza masikitiko.

Mmoja wa watu mashuhuri walioiunga mkono njia ile ya mdomo ni Alexander Graham Bell. Sote tunamjua kwa simu, aliyoipatia hataza mwaka 1876. Wasiojulikana na wengi ni kwamba mama yake alikuwa na uziwi, mkewe Mabel alikuwa kiziwi tangu utotoni, na Bell mwenyewe alikuwa mwalimu wa viziwi mjini Boston. Aliwapenda, bila shaka. Lakini alipinga ishara katika shule zao, na chombo alichokileta duniani kikawa mlango mpya uliofungwa usoni mwao. Kadiri ofisi na biashara zilivyohamia kwenye simu, ndivyo kiziwi alivyozidi kubaki nje.

Mlango huo ulifunguliwa na nani? Mwaka 1964, huko California, mwanafizikia Robert Weitbrecht, yeye mwenyewe akiwa kiziwi, alitengeneza kifaa kilichogeuza herufi kuwa milio ya simu na milio kuwa herufi. Walioshirikiana naye, daktari wa meno James Marsters na mfanyabiashara Andrew Saks, nao walikuwa viziwi. Walichukua teleprinta kuukuu, zile mashine nzito za kupigia chapa ambazo makampuni yalikuwa yakizitupa, wakaziunganisha kwa mkono wa simu wa kawaida. Kiziwi akapiga chapa upande huu, mwenzake akasoma upande ule. Aliyeandika aliweza kujibiwa hapo hapo, kwa njia ile ile aliyoitumia. Liweke hilo akilini, ndugu msikilizaji, maana tutalirudia.

Wakati huo huo elimu nayo ilikuwa ikibadilika. Mwaka 1960, William Stokoe, mwalimu wa Kiingereza katika Chuo cha Gallaudet kule Washington, alichapisha utafiti uliowashangaza hata wenzake. Alionyesha kwamba ishara za viziwi si maigizo. Kila ishara inaweza kuchambuliwa katika vipande, kama neno linavyochambuliwa katika sauti: umbo la kiganja, mahali mkono ulipo, na mwendo wake. Mwaka 1965 akatoa kamusi pamoja na Dorothy Casterline na Carl Croneberg, wote wawili wakiwa viziwi. Watafiti waliofuata wakaongeza uelekeo wa kiganja, kisha uso, macho, kichwa na mabega. Katika lugha ya alama ya Marekani, kwa mfano, kupandisha nyusi ndiko kunakoligeuza tamko kuwa swali la ndiyo au hapana. Fundi wangu alinionyesha kwenye benchi, bila kitabu, jambo ambalo wasomi walitumia miaka mingi kuliandika.

Basi tufike kwenye glavu. Mwaka 1977, katika Chuo Kikuu cha Illinois mjini Chicago, ilitengenezwa glavu yenye vijibomba laini vinavyopitisha mwanga. Kidole kikipinda, mwanga unaofika upande wa pili unapungua, na kwa kupima upungufu huo mashine inajua kidole kimepinda kiasi gani. Iliitwa Sayre Glove. Kiziwi hakuwamo katika mpango huo. Ilikuwa ya kuendeshea mitambo ya kompyuta. Mwaka 1983, Gary Grimes wa Bell Labs, maabara yenye jina la yule yule mzee wa simu, alipata hataza ya glavu iliyotambua herufi za alfabeti ya vidole ya viziwi. Unadhani ilikuwa kwa ajili yao? La hasha. Ilikuwa ya kuingizia taarifa kwenye kompyuta badala ya kupiga chapa. Alfabeti ya viziwi iliazimwa, wenyewe hawakualikwa.

Glavu iliyopata umaarufu zaidi ilibuniwa na Thomas Zimmerman, aliyetaka apige gitaa la hewani, yaani afanye kama anapiga na muziki utoke. Yeye na Jaron Lanier wakaiuza kupitia kampuni ya VPL kwa jina la DataGlove. Mwaka 1989 ikatoka nyingine ya bei nafuu, Power Glove, ya kuchezea michezo ya Nintendo. Hapo watafiti wa vyuo wakaona nafasi. Huko Australia, katikati ya miaka ya 1990, Waleed Kadous aliichukua glavu hiyo ya michezo akaifundisha ishara 95 za lugha ya alama ya nchi hiyo, ikapatia takriban nane katika kila kumi. Kwa kifaa cha watoto kuchezea, hiyo ni kazi ya kusifiwa, na mimi naisifu. Lakini 95 ni ishara moja moja. Mtu anapozungumza, ishara zinaungana na kubadilishana umbo kama maneno yanavyomezana katika usemi wa haraka. Tena wapo waliotumia glavu bila kugusa kabisa lugha za viziwi: mjini Toronto, Sidney Fels na Geoffrey Hinton, huyu Hinton aliyepata Nobel ya fizikia mwaka 2024, walitengeneza Glove-Talk, iliyogeuza mikono kuwa sauti kwa ishara zilizopangwa na watafiti wenyewe.

Baada ya glavu zikaja kamera, ili mtu asivae kitu. Katika chuo cha MIT, miaka hiyo hiyo ya 1990, Thad Starner aliifundisha kompyuta maneno 40 ya lugha ya alama ya Marekani kwa kutumia kamera moja tu. Kwanza kamera iliwekwa mezani kumtazama msemaji, ikapatia 92 katika kila mia. Kisha akaifunga kwenye kofia ya msemaji mwenyewe, ikitazama mikono kutoka juu, nayo ikapatia 98. Matokeo mazuri, sivyo? Lakini tafakari kamera hiyo inaona nini. Kutoka kwenye kofia haiwezi kuuona uso. Mashine ilipata alama nyingi zaidi pale ilipoacha kumtazama mtu. Kwa maneno 40 yaliyopangwa katika sentensi fupi hilo halikuleta shida. Kwa mazungumzo ya fundi wangu, nusu ya habari ingekuwa imeachwa nje.

Mwezi Novemba 2010 kampuni ya Microsoft ilitoa Kinect, kifaa cha michezo kinachomulika chumba kwa miale isiyoonekana kwa macho na kupima umbali wa kila kilichomo. Kiliweza kufuata mabega, viwiko na magoti ya mtu anayecheza, na watafiti wa China wakakitumia kusoma ishara. Lakini kilitengenezwa kwa ajili ya mwili mzima. Vidole, ambavyo ndivyo herufi za lugha hii, vilikuwa vidogo mno kwake. Mwaka 2013 kikaja kinyume chake: Leap Motion, kijisanduku kidogo kinachokaa mezani na kutazama juu, hodari wa kufuata vidole kumi kwa wakati mmoja. Watafiti wa Australia wakakijaribu mwaka huo huo kwa lugha yao ya alama. Wakakuta kwamba kidole kikijificha nyuma ya kingine, au kiganja kikisimama ubavu, kifaa kinapoteza hesabu. Na ishara nyingi ndivyo zilivyo, vidole kupishana na mkono kugusa mkono. Tena kijisanduku kile nacho kilitazama mikono peke yake.

Mwaka 2019 Google walitoa programu inayotafuta nukta 21 katika kila mkono, kwenye vifundo na ncha za vidole, kwa kutumia kamera ya simu ya kawaida. Programu za namna hiyo zinaweza pia kufuata uso na mabega. Hapa, kwa kweli, mlango mmoja umefunguka, maana kifaa ambacho zamani kilikaa maabara sasa kiko mifukoni mwetu. Hata hivyo kujua kidole kiko wapi ni jambo moja, na kuelewa mtu anasema nini ni jambo jingine. Maikrofoni yangu inanasa sauti yoyote kwa usahihi mkubwa. Haijui Kiswahili.

Pamoja na hayo yote, glavu hazikwisha. Mwaka 2016 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Washington walipata tuzo ya dola 10,000 kwa glavu walizoziita SignAloud. Magazeti yalishangilia kama nilivyoshangilia mimi. Viziwi na wataalamu wa lugha wakajibu kwa hoja zile zile alizoniandikia fundi: uso umesahauliwa, na anayevalishwa mzigo ni kiziwi, ili anayesikia asisumbuke kujifunza neno hata moja.

Hapa kwetu Afrika Mashariki yupo mhandisi wa Kenya, Roy Allela, aliyetengeneza glavu za Sign-IO zinazotuma ishara kwenye simu. Mwaka 2017 zilimpatia tuzo ya chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani. Mwenyewe ameeleza kwamba chanzo chake ni binti wa ndugu yake aliyezaliwa kiziwi, ambaye ndugu walishindwa kuongea naye. Simlaumu hata kidogo. Alianzia mahali panapostahili, nyumbani, kwa mtoto aliyeachwa nje ya mazungumzo ya sebuleni kwao. Ila mtoto huyo huyo, akishavaa glavu na kusema, bado anahitaji ndugu wa kumjibu kwa mikono.

Sasa angalia upande wa pili wa historia. Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi, alihitimu Gallaudet mwaka 1954. Mwaka 1957 alifungua shule ya viziwi mjini Accra, na kutoka hapo akaanzisha shule zaidi ya 30 katika nchi za Afrika, hadi alipofariki katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 iliagiza kuendelezwa kwa lugha ya alama. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ikaifanya Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, sambamba na Kiswahili na Kiingereza. Kwetu Tanzania, shule ya viziwi ya Tabora ilianza mwaka 1963, na viziwi wenyewe wana chama chao, CHAVITA, ambacho jina lake linatamka wazi neno Viziwi, lile nililoshindwa kulitumia mimi siku ile. Mambo yote hayo yalifanyika bila glavu hata moja.

Je, nasema mashine zisitengenezwe? Hapana. Kompyuta inayoweza kusoma ishara ingefaa kutafuta maneno katika kamusi, ingemfaa mzazi anayejifunza usiku baada ya kazi, ingefaa hata kuandika kumbukumbu za mkutano. Nasema tu kwamba historia imetupa kipimo. Simu ya maandishi ya mwaka 1964 ilitengenezwa kwa vyuma chakavu na watu watatu waliojua shida yenyewe, na ilizungumza pande zote mbili. Glavu zimepita katika maabara tajiri kwa zaidi ya miaka 40 na bado zinazungumza upande mmoja. Tofauti yake haikuwa fedha. Ilikuwa nani ameketi mezani wakati kazi inaagizwa.

Fundi aliniandikia kisa kimoja. Siku moja alikwenda hospitali, akatoa kadi dirishani, akaketi. Majina yakaitwa kwa sauti. Aliketi tangu asubuhi hadi foleni ikaisha na wauguzi wakaanza kufunga, ndipo mmoja akamwuliza kwa mkono, vipi, wewe? Jina lake lilikuwa limeitwa mara tatu. Mambo ambayo yangemwokoa siku hiyo ni kibao cha namba ukutani, au mtu mmoja anayejua ishara kumi, au mkalimani. Glavu isingemsaidia kitu, maana yeye hakuwa na neno la kusema. Alikuwa na neno la kusikia.

Nilimwomba radhi kwa maandishi, akanifundisha ishara ya kuomba radhi kwa mikono. Redioni siwezi kukuonyesha, na hapo ndipo nilipotambua kwamba katika miaka yangu yote ya utangazaji sijawahi kumwambia kiziwi neno lolote. Gazeti hili ndilo limekuwa likinifikishia.

Fundi, wanaosikia wameyapata haya tayari hewani. Wewe utayasoma siku gazeti litakapotoka, nyuma yao kama kawaida. Deni hilo nalo nimeliandika. Kwa leo naishia hapo.